Raba za bei nafuu za parkour: dalili, chanzo na dawa yake

Kijana ananunua raba soko la Karume, Dar es Salaam, siku ya Jumamosi, Jumapili anazivaa kwenye mazoezi ya parkour, mchezo wa kukimbia, kuruka na kupanda kuta na vizuizi vya mjini, na kufika Jumatatu soli iko mkononi. Mwenzake kila akiruka na kudaka ukuta mguu unateleza. Wa tatu anaamka asubuhi akichechemea, kisigino kinawaka moto. Ukiwasikiliza, wote wanafikia uamuzi mmoja: vya bei rahisi havifai, ngoja nijichange ninunue vya maana.

Mimi naamini hapo ndipo pesa nyingi zinapopotea bure. Vijana wa Lisses, kitongoji cha kusini mwa Paris, akina David Belle na kundi la Yamakasi, waliujenga mchezo huu miaka ya 1980 na 1990 kabla hakujawa na kiatu chochote kilichotengenezwa kwa ajili ya parkour. Walivaa raba za kawaida. Hata baadaye, baadhi ya viatu vilivyopata sifa kubwa kwa watu wa parkour Ulaya vilikuwa vya bei ya chini kabisa: Feiyue, raba nyepesi za turubai zenye asili ya Shanghai ambazo watu wa kung fu wanazijua, na Kalenji Ekiden za maduka ya michezo ya Decathlon, zilizokusudiwa wakimbiaji wanaoanza. Havikupendwa kwa sababu ya jina. Vilipendwa kwa sababu soli yake ni bapa, nyepesi, inakunjika, na mpira wake unashika.

Kwa hiyo kiatu cha parkour huchaguliwa kwa soli, na soli hupimwa kwa mkono na jicho mbele ya muuzaji, kabla noti haijatoka mfukoni. Nimepanga mambo hapa chini kwa dalili, maana ndivyo watu wanavyouliza. Kwa kila dalili anza na sababu ya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayowapata wengi, na fanya ukaguzi mwepesi kabla ya kwenda kwa fundi.

Mguu unateleza ukutani

Hili ndilo lalamiko la kwanza na ndilo lenye hatari kubwa. Anayeteleza wakati wa kudaka ukuta hupasua ugoko, na akiwa na bahati mbaya, kidevu.

Chanzo cha kawaida kabisa ni vumbi. Kabla hujakilaumu kiatu, kigeuze, pangusa soli kwa kitambaa chenye unyevu, ikauke kidogo, kisha jaribu tena palepale. Pangusa na ukuta pia. Kuta zetu nyingi zimepakwa chokaa inayotoa unga ukiigusa, na hakuna soli duniani inayoshika unga. Mtu mwenye kitambaa mfukoni ameshatatua nusu ya matatizo ya kuteleza.

Sababu ya pili ni upya. Raba iliyotoka dukani mara nyingi ina utando mwembamba wa kiwandani juu ya mpira. Tembea nayo barabarani siku chache, au isugue taratibu kwa msasa laini mpaka mng'ao uishe. Usitumie petroli wala thina. Vitu hivyo vinalegeza gundi na kuuharibu mpira wenyewe.

Ikiwa soli ni safi, haina mng'ao, na bado inateleza, basi mpira wenyewe ni mgumu. Hapa hakuna dawa ya kudumu, na ndiyo maana ni lazima ujue kupima kabla ya kununua. Kandamiza soli kwa ukucha wa kidole gumba: mpira mzuri unabonyea kidogo na kurudi, mpira uliozeeka haubonyei kabisa, na plastiki ni ngumu kama ndoo. Kisha gonga soli kwenye sakafu ya vigae. Mpira unatoa sauti nzito iliyofifia; plastiki inalia ko, ko, ko. Raba nyingi za kuiga zinazouzwa zikiwa mpya kabisa Kariakoo zinalia hivyo. Kwa macho zinapendeza kuliko mitumba, lakini ukutani hazikufai. Mwisho, weka kiatu sakafuni, kikandamize kwa mkono kwa uzito wako wote, kisha kisukume mbele. Kikiteleza chini ya kiganja chako, kitateleza chini ya mwili wako.

Sababu ya nne ni meno ya soli. Njumu za nyasi bandia na viatu vya kukimbilia milimani vina meno marefu, yanayofaa udongo. Kwenye zege ni ncha za meno tu zinazogusa, na kwenye ukingo mwembamba wa ukuta yanaweza kugusa mawili matatu tu. Unataka soli yenye mistari ya kina kifupi, inayolala bapa.

Ya tano inawapata wanaonunua viatu vya kisasa vya mbio: soli ya chini si mpira bali ni sponji tupu, yenye vipande vichache vya mpira kisiginoni na kwenye vidole. Kwa barabara ya lami inatosha. Kwenye zege lenye vumbi sponji inateleza, na kwenye ukingo mkali inachanika.

Ukiniuliza nitafute nini kwanza kwenye rundo la mitumba, nitasema raba za michezo ya ndani: futsal, voliboli, badminton. Nyingi zina soli ya rangi ya kahawia au ya asali, mpira laini uliotengenezwa kushika sakafu ya ukumbi. Zege linazila upesi kuliko soli nyeusi ngumu, hilo ni kweli, lakini mimi niko tayari kununua kiatu kingine mapema kuliko kuteleza juu ya ukuta.

Ukutani inashika, kwenye bomba inateleza

Hii inawachanganya wengi. Kiatu ni kizuri, kinapanda ukuta bila shida, lakini ukiruka na kutua juu ya bomba la chuma mguu unaondoka kama umekanyaga ganda la ndizi.

Kigeuze kiatu uangalie katikati, chini ya uvungu wa unyayo. Viatu vingi vya mbio vina kipande cha plastiki ngumu hapo, kimewekwa kuzuia soli isijikunje kwa upande. Mkimbiaji hakigusi chini hata mara moja. Wewe unayetua kwenye bomba unalenga sehemu ya mbele ya unyayo, lakini ukizidisha kidogo, bomba linakutana na ile plastiki, na plastiki juu ya chuma haina mshiko wowote. Pitisha kidole hapo dukani. Pakiwa baridi, pagumu na panang'aa, kirudishe kwenye rundo hata kama bei inakubembeleza.

Kasoro nyingine ya sehemu hiyohiyo ni pengo: soli iliyokatika vipande viwili, cha mbele na cha nyuma, na uwazi katikati. Ukingo wa ukuta unaingia kwenye ule uwazi na kung'oa kipande cha nyuma. Soli iliyoungana kutoka kidole hadi kisigino ni salama zaidi.

Mafundi wengine watakubandikia kipande cha mpira juu ya plastiki. Kwa kutembea kinadumu. Kwa kutua kwenye bomba sikiamini, kwa sababu kikibanduka kinabanduka wakati mbaya kuliko wote. Na bomba lililolowa, au lililopakwa rangi ya mafuta na kupigwa na umande, liache. Hilo si suala la kiatu tena.

Soli inabanduka

Hapa nitakaa kidogo, maana ndilo tatizo la mitumba lisiloeleweka na ndilo linalowafanya watu wadhani wametapeliwa.

Mara nyingi chanzo ni gundi iliyokauka. Kiatu kimekaa miaka ghalani, kimesafiri baharini ndani ya kontena lenye joto, kikaanikwa juani mbele ya meza ya muuzaji. Gundi imekuwa kama ganda la yai. Ukaguzi ni rahisi: shika kisigino kwa mkono mmoja, ncha kwa mwingine, kikunje mara kadhaa huku ukitazama mstari ambapo soli inakutana na sehemu ya juu. Ukiona mwanya unafunguka, hata kama ni mdogo wa kupitisha ukucha, ujue utafunguka wote ukianza kuruka.

Habari njema ni kwamba hilo linatibika. Fundi anayejua kazi hapaki gundi juu ya uchafu. Anafungua pale palipolegea mpaka afike panaposhika, anakwangua gundi ya zamani, anasugua pande zote mbili kwa msasa mpaka ziwe na ukwaruzo, anapangusa unga. Kisha anapaka gundi ya viatu pande zote mbili, nyembamba, na anasubiri. Hapo kwenye kusubiri ndipo utamjua fundi. Mwenye haraka anabandika gundi ikiwa mbichi. Fundi wa kweli anaigusa kwa kidole, haishiki tena, ndipo anakutanisha pande mbili na kuzigonga kwa nyundo kuanzia katikati kwenda pembeni. Baada ya hapo kiatu kipumzike siku nzima. Ukikivaa jioni ileile umeitupa kazi yake.

Gundi ya matone, ile inayokauka kwa sekunde chache, usiitumie kwenye soli. Ikikauka inakuwa ngumu kama kioo, na kiatu kinachokunjwa kila hatua kinaivunja.

Kushona ni hatua ya pili, na inafaa kwa raba zenye soli inayopanda pembeni kama ukuta mdogo, aina ya raba za turubai na za mpira wa kikapu za kizamani. Fundi anapitisha msharasi kwenye ule ukuta wa mpira na uzi wa nailoni unazunguka kiatu chote. Mwambie achimbe mfereji mdogo ili uzi ulale ndani. Uzi unaotokeza unalika na zege ndani ya muda mfupi na mshono wote unafumuka. Kwa raba za mbio zenye sponji nene, kushona kunaumiza zaidi kuliko kusaidia, kwa sababu uzi unaikata sponji.

Sasa ile sababu ambayo haina tiba. Viatu vingine vina sponji iitwayo poliyurethani. Ni nzito kidogo, imara, inavumilia uzito vizuri ikiwa mpya. Lakini unyevu wa hewa huivunja polepole kutoka ndani, hata kama kiatu hakijawahi kuvaliwa. Ndiyo maana unaweza kupata raba ya mtumba inayong'aa, kamba hazijachafuka, soli ya chini haina mkwaruzo, ukadhani umeokota dhahabu, na ukipiga nayo hatua mia mbili inamomonyoka kama biskuti iliyolowa chai. Muuzaji hakukudanganya, naye alikiona kizima. Huku Pwani, hewa ilivyo na unyevu, jambo hili linakwenda haraka.

Dalili zake zinaonekana ukizitafuta. Tazama pembeni mwa soli ya kati, yaani ile sponji: je, kuna nyufa nyembamba kama za tope lililokauka? Imegeuka njano? Ukibonyeza kwa ukucha, alama inabaki, au kuna ulimbo unaonata, au unga unadondoka? Lolote kati ya hayo likiwepo, acha. Fundi atabandika, lakini atakuwa anabandika gundi juu ya kitu kinachooza, na kitabanduka hapo chini ya gundi mpya. Nampenda fundi anayekuambia "hiki mdogo wangu usinipe pesa yako".

Raba ambayo soli yake imeanza kumomonyoka usiivae mazoezini hata kwa siku moja ya mwisho. Soli inayotoka wakati umeshaondoka ukutani haikupi nafasi ya kurekebisha chochote.

Kisigino au unyayo unauma

Wengi hukimbilia kununua kiatu kinene zaidi. Subiri kwanza.

Sababu ya kwanza ni namna unavyotua. Parkour inakutaka utue kwa sehemu ya mbele ya unyayo, magoti yakunjike, na ukitoka juu ubingirike begani ili kishindo kisambae. Ukitua kwa visigino, hakuna sponji itakayokuokoa. Jipime hivi: vua viatu, panda kitu cha urefu wa goti, ruka chini kwenye nyasi. Mwili wenyewe utakataa kutua kisiginoni. Sasa vaa raba na ruka tena huku mwenzako akisikiliza. Ukisikika kishindo ambacho peku hakikuwepo, kiatu chako kinene kinakuficha makosa yako. Makachu wa Forodhani, Zanzibar, wanaruka peku na kupinduka hewani kwa namna inayoduwaza watalii, lakini wao wanapokelewa na bahari. Usiige urefu wao juu ya zege.

Sababu ya pili ni kubadilisha kiatu ghafla. Viatu vingi vya mbio kisigino chake kiko juu kuliko vidole kwa milimita 8 hadi 12. Raba za turubai na Feiyue ziko karibu sawa mbele na nyuma. Ukihama kwa siku moja, kano ya kisigino na misuli ya nyuma ya mguu inavutwa kwa namna isiyoizoea, na inalalamika. Vaa kiatu bapa kwa kutembea kwanza, kisha mazoezi mafupi ya chini, na uongeze kidogo kidogo kwa wiki kadhaa.

Ya tatu: sponji imekufa. Raba nyepesi za mbio nazo huchoka, ila hazimomonyoki. Zinajaa mikunjo pembeni na kubaki zimebonyea. Ziweke mezani. Zikiwa zimelalia upande, au ukibonyeza kisigino kwa kidole gumba hakirudi, hakuna kilichobaki ndani. Kuongeza kitambaa cha ndani cha kukanyagia kilicho kinene husaidia pale tu kiatu kina nafasi. Kikikunyanyua mpaka kisigino kinatoka nje, umeanzisha tatizo jingine.

Maumivu ya unyayo yanayokuchoma hatua za kwanza za asubuhi kisha kupungua ukitembea, mara nyingi ni utando wa chini ya unyayo uliochoshwa. Punguza kuruka, nyoosha misuli ya nyuma ya mguu, na yasipopungua ndani ya wiki chache muone daktari. Mtoto wa miaka 8 hadi 14 anayeumwa kisigino asilazimishwe kuendelea. Katika umri huo mfupa wa kisigino bado unakua na kishindo kinauchokoza. Wazazi mnaosoma, hili lishikeni.

Acha kila kitu na uende hospitali ikiwa umeanguka kutoka juu, umetua kwa visigino na huwezi kukanyaga. Kisigino kinaweza kuvunjika, na kwa anguko la namna hiyo uti wa mgongo nao huweza kuumia. Ikiwa mgongo unauma pia, au miguu ina ganzi, mtu asinyanyuliwe kwa mikono na kubebwa kwenye bodaboda. Alale alipo, asisogezwe, mpaka wapatikane wenye kujua kumbeba. Kadhalika, ukisikia kama mtu amekupiga teke nyuma ya mguu na huwezi kusimama kwa vidole, huenda kano ya kisigino imekatika. Kukandwa na mafuta ya moto hakuiungi.

Kifundo cha mguu kinapinda mara kwa mara

Kiatu kirefu cha kufunika kifundo hakikulindi kama watu wanavyodhani. Sababu ya kawaida iko chini: soli ni nene na laini mno. Ukisimama juu ya sponji ya vidole vitatu na kutua pembeni kidogo, sponji inabonyea upande mmoja na kukumwaga. Raba nene za mtindo, zinazovuma sasa hivi, ni nzuri kwa kutembea mjini na mbaya kwa ukingo wa ukuta. Simama kwa mguu mmoja juu ya ukingo wa ngazi ukiwa umezivaa. Ukiyumba kuliko ukiwa peku, jibu umelipata.

Pili ni soli ya mtumba iliyolika na mwenye kiatu wa kwanza. Yeye alikanyagia nje, wewe umerithi mteremko wake. Weka viatu vyote viwili mezani, vitazame kwa nyuma usawa wa macho. Visigino viwe wima, havijalalia upande wowote. Ukiona vimelala, usijidanganye kwamba utavinyoosha kwa kuvivaa.

Tatu ni upana. Mguu unaoogelea ndani ya kiatu utapinda tu. Na nyuma ya kisigino pawe na ugumu kidogo: paminye kwa vidole viwili, pasilale kama soksi.

Kifundo kikipinda na huwezi kupiga hatua 4, au ukibonyeza mfupa wa upande wa nje au wa ndani ya kifundo, kwenye ukingo wake wa nyuma, unaruka kwa maumivu, unahitaji picha ya eksirei. Vivyo hivyo kwa maumivu ya mfupa ulioko katikati ya ukingo wa nje wa unyayo. Usikubali kuvutwa mguu na mtu yeyote kabla ya picha. Kwa walioko Dar, Taasisi ya Mifupa MOI pale Muhimbili ipo. Hospitali ya wilaya yenye eksirei nayo inatosha kuanzia.

Kucha nyeusi, vidole vinabanwa, au kiatu kinavuka mguuni

Yote matatu ni suala la saizi, na saizi za mitumba ni vurugu. Kiatu kimoja kimeandikwa namba ya Ulaya, kingine ya Uingereza, cha tatu ya Marekani, na kampuni hazikubaliani. Dawa yake ni sentimita. Simama ukiwa umeegemeza kisigino ukutani, karatasi iwe chini ya mguu, weka alama kwenye kidole kirefu kuliko vyote, kisha pima. Pima miguu yote miwili, jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo kwa shughuli za siku, na ushike kipimo kilicho kikubwa. Kwenye lebo chini ya ulimi wa kiatu tafuta CM, halafu thibitisha kwa kuvaa: mbele ya kidole kirefu pawe na nafasi ya takriban sentimita 1. Ikipungua, kila ukitua kidole kinagonga mbele na kucha inakufa. Ikizidi sana, unajikwaa kwenye ukingo kwa sababu ncha ya kiatu iko mbele kuliko unavyoihisi.

Jaribu viatu ukiwa na soksi zako za mazoezi. Wauzaji wazuri watakuazima kiboksi cha kukanyagia; asiyetaka ujaribu, mpite.

Kiatu kikivuka wakati wa kupanda ukuta kwa mbio, angalia kamba kabla ya kukitupa. Tundu la mwisho kabisa, lile la juu ambalo watu huliacha, ndilo la kazi hiyo. Ingiza kamba kwenye tundu hilo upande uleule ili itengeneze kitanzi kidogo, pitisha kamba ya upande wa pili ndani ya kitanzi, vuta kuelekea nyuma, kisha funga. Kisigino kinashikwa barabara. Ncha za kamba zichomeke ndani. Kamba inayoning'inia inanasa kwenye msumari au nondo.

Ganzi ya vidole inayobaki hata baada ya kulegeza kamba na kuvua kiatu, au ukucha uliojaa damu na kupwita usiku kucha, upeleke kituo cha afya. Usiutoboe mwenyewe kwa pini.

Kinatoboka mbele au pembeni

Raba za wavu zinachanika kidoleni kwa sababu ukipanda ukuta unaburuza ncha. Kwanza tazama mbinu: mguu ukanyage na kusukuma, usikwaruze. Pili, mpelekee fundi kabla tundu halijatokea. Kipande cha ngozi laini kilichoshonwa na kubandikwa juu ya kidole kinaongeza maisha ya raba kwa gharama ndogo. Turubai inavumilia kuliko wavu, na ngozi bandia inachubuka tu bila kuchanika.

Soli yenyewe ikishalika mpaka unaona rangi ya sponji chini ya sehemu ya mbele ya unyayo, mwisho wake umefika kwa parkour. Itakufaa kwa safari za dukani.

Harufu, ukungu na maji

Mtumba uoshwe kabla haujavaliwa hata mara moja. Toa kamba na kitambaa cha ndani, sugua kwa brashi na sabuni ya kawaida, maji yawe ya baridi. Usiloweke usiku kucha, usitumie maji ya moto, na usianike juani, maana joto ndilo linaloua gundi. Jaza magazeti ndani, weka kivulini penye upepo, badilisha magazeti yakilowa. Upele au magamba kati ya vidole yanayowasha ni fangasi; dawa ya kupaka inapatikana duka la dawa, na kitambaa cha ndani cha zamani kitupwe. Na kwa wanaofanyia mazoezi kwenye kuta za ufukweni, raba iliyorushiwa maji ya chumvi isuuzwe siku hiyohiyo, kabla chumvi haijakaukia kwenye mishono.